Kupima mzigo wa mashine ya kuviringisha bomba: toa kilowati, usitoe ampea

Kosa linalojirudia kwenye viwanda vya mabomba, Eneo la Viwanda Nairobi na kwingineko, ni hili: fundi anabana klampu kwenye waya wa mota, anasoma ampea rola zinazokunja bamba kuwa bomba zikizunguka tupu, anasoma tena bamba likipita, anatoa, na tofauti anaiita mzigo. Jibu hutoka dogo mno. Mota isiyo na kazi huvuta mkondo mwingi wa kuisumakisha tu, na pawa fakta yake (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) huweza kushuka hadi 0.2 au 0.3.

Tafuta mita ya nguvu ya fezi tatu inayosoma RMS halisi (thamani fanisi ya umeme, hata wimbi lake likiwa limeharibika), daraja la usalama la CAT III 600 V. Kata umeme, piga kufuli swichi kuu, pima kuhakikisha nyaya zimekufa, ndipo ufunge klampu tatu na nyaya za volti. Mishale ya klampu yote ielekee mota. Fezi moja ikisoma hasi bamba likipita, klampu yake imegeuzwa, au umeibana fezi isiyolingana na waya wake wa volti.

Endesha tupu mpaka mafuta ya gia boksi yapate joto. Asubuhi yakiwa mazito, usomaji wa tupu utapanda na kula sehemu ya mzigo wako. Kisha pitisha bamba kwa kasi ileile. Andika wastani wa dakika moja, na pia kilele ncha inapoingia kwenye rola.

Tuseme volti ni 412. Tupu: 38 A, pawa fakta 0.25, yaani 1.732 × 412 × 38 × 0.25 = 6.8 kW. Na bamba: 92 A, 0.82, yaani 53.8 kW. Toa ya kwanza kwenye ya pili: kazi ya bamba ni kama 47 kW. Aliyetoa ampea angepata 54 A, ambazo kwa 0.82 ni 31.6 kW tu! Toki (nguvu ya kuzungusha) kwenye shafti ya mota, kwa mizunguko 1480 kwa dakika, ni 9550 × 47 ÷ 1480 = 303 Nm; halisi ni pungufu kidogo, kwa kuwa joto la koili huongezeka na mzigo.

Penye draivu (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota), klampu ya kawaida upande wa mota itakudanganya, maana volti pale imekatwakatwa. Pima upande wa kuingilia. Mota ya DC ni rahisi: volti mara ampea za amecha (sehemu ya mota inayozunguka).

Kilowati hazikuambii rola zinakandamiza kiasi gani. Hapo weka lodi seli (vipimo vya nguvu ya kukandamiza) mbili, moja chini ya kila skrubu ya kukazia. Seli ya 100 kN yenye 2 mV/V (mV 2 kwa kila volti inayolishwa), ikilishwa 10 V, hutoa 20 mV ikijaa: kila mV ni 5 kN. Weka sifuri rola zikiwa wazi. Jumla ya seli mbili ni nguvu ya stendi (fremu inayoshika rola hizo). Zikitofautiana sana, rola imekaa upande.

Namba zikirukaruka, zima mashine ya kuchomelea ya masafa ya juu. Zikitulia, tatizo ni kebo: tumia yenye ngao, na ngao hiyo uiunge na ardhi upande mmoja tu.