Somo: Kufungua manifoldi ya juu ya Harrier V6 nyumbani

Wakuu, wenye Harrier ya injini 1MZ-FE, ile V6 ya lita 3, mnaijua adha yake. Plagi tatu za mbele unazifikia upesi. Tatu za nyuma zimejificha chini ya manifoldi ya hewa, ile mirija inayogawa hewa kwa silinda. Ndiyo maana wengine hubadilishiwa tatu tu. Kazi hii nyumbani inawezekana, ila hatari iko pale tundu za hewa za injini zinapokuwa wazi.

1. Injini ipoe kabisa. Fungua taminali hasi ya betri.

2. Puliza vumbi na mchanga wote kabla ya kulegeza nati yoyote.

3. Piga picha, kisha chomoa bomba la hewa, soketi za sensa na mipira ya vakyumu, ukiweka alama kwa selotepu. Mipira ya zamani hukakamaa: izungushe kwanza ndipo uvute. Ile ya kulanti (maji ya kupoza injini) kwenye throto bodi, mlango wa hewa ya injini, izibe mara moja.

4. Legeza nati na bolti za juu, halafu papasa nyuma kwenye mabano ya kushikilia. Huko huoni, mkono ndio jicho. Manifoldi ikigoma, usiikwanyue kwa bisibisi, kuna bolti umeisahau. Uso wa alumini ukichubuka, hewa itavuja.

5. Ukiinua tu, ziba tundu zote sita kwa vitambaa safi, na uvihesabu. Mimi niliwahi kuangusha nati namba 10, nikaisikia ikigonga chuma, ti, ikatoweka. Nilitumia saa mbili na tochi na sumaku mpaka nikaitoa mdomoni mwa tundu, juu kidogo ya valvu. Ningewasha bila kuitafuta, ingeingia kwenye silinda.

6. Badilisha plagi, futa nyuso, toa vitambaa vyote sita, weka gasketi mpya. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa awamu. Ongeza kulanti iliyopungua.

Swali: Mkuu, gasketi sijapata. Nipake silikoni?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Vipande vyake vinaweza kumeguka na kuvutwa ndani. Subiri gasketi.

Swali: Nimerudishia, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) iko juu na nasikia "fsss".
Jibu: Hewa inaingia pasipotakiwa. Linganisha na picha zako. Anza na mpira wa nyuma, ndio husahaulika.

Swali: Sina spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), nikaze kwa mkono?
Jibu: Azima kwa fundi jirani. Nyuzi za tundu za bolti kwenye alumini zikichanika, gharama yake inazidi plagi zote sita.