Kuiezeka rimoti: koti la mvua kwa waendesha modeli wa Mombasa

Tazama uso wa rimoti ya modeli, kama ile ya boti ndogo. Kila kijiti kimetokea kwenye tundu lililo pana kuliko chenyewe, kwa sababu lazima kizunguke pande zote. Tone likitua hapo halina njia ila kwenda chini, na huko chini ndiko ziliko potenshiomita au sensa za sumaku, zinazopima mwendo wa kijiti, kisha bodi ya saketi. Ongeza swichi, tundu la chaji, kifuniko cha betri na vitobo vya spika, na utaona kwamba manyunyu ya dakika tano yanatosha kukuharibia siku.

Pwani kuna tatizo la pili, nalo ni chumvi. Kusi inapovuma miezi ya masika, ukisimama Mama Ngina mvua haishuki wima. Inakuja ubavuni pamoja na rasharasha za mawimbi. Maji matupu hukauka yakaisha, lakini chumvi hubaki, na kila unyevu ukirudi nayo huanza tena kula shaba.

Watu wengi hukimbilia kuifunga rimoti kabisa, kama wanaifunga ndani ya chupa. Wakifanya hivyo, joto la mikono na unyevu wa hewa yetu hugeuka jasho ndani ya plastiki, na rimoti inalowa bila mvua. Fikiria paa la nyumba: juu hapapenyi, chini panapumua, na kila kipande cha juu kinalalia cha chini. Vipimo vifuatavyo ni vya rimoti ya vijiti viwili yenye upana na urefu wa karibu sentimita 20.

Vifaa

- Plastiki angavu ya kufunikia meza, unene wa milimita 0.3, mita 1 kutoka roli la upana wa karibu mita 1.4. Nyembamba zaidi hupigwapigwa na upepo, na ya milimita 0.5 ni ngumu kushona.
- Mwavuli uliovunjika, kwa ajili ya kitambaa chake.
- Chelewa 12 ndefu, zilizonyooka. Chomoa kwenye ufagio.
- Lastiki ya upana wa sentimita 1, urefu wa sentimita 60.
- Velkro, sentimita 20.
- Selotepu pana angavu na tepu ya umeme.
- Uzi wa poliesta. Uzi wa pamba hunyonya maji kama utambi na kuyaingiza ndani kupitia mshono.

Plastiki utaipata kwa wauza vitambaa vya meza na mapazia. Ukienda Biashara Street, ishike kwanza: ikitoa mlio mkavu kama karatasi, itapasuka kwenye mikunjo. Kuhusu juala, mifuko ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hata zamani haikufaa. Ilinata kwenye vijiti upepo ulipovuma, na kijiti cha mwendo kikisukumwa na mfuko, modeli huondoka yenyewe.

Hatua ya 1: Kata

Tandaza plastiki juani kwa dakika kumi ili mikunjo ilainike. Kata kipande cha sentimita 130 kwa 65. Kikunje ili upande wa juu uwe na sentimita 75 na wa chini 55. Mkunjo ndio utakaokaa mbali na tumbo lako, na zile 20 zilizozidi juu ndizo zitakazokuwa upenu kifuani.

Upande wa chini upunguze upana hadi sentimita 50, ukitoa 7.5 kila ubavu. Upande wa juu uuanzie 50 kwenye mkunjo, uupanue taratibu hadi 65 ufikapo sentimita 20 kutoka mkunjoni, kisha uendelee wima. Tofauti hii ndiyo inayolifanya paa liinuke. Ukiacha juu na chini vilingane, koti litalala bapa juu ya vidole.

Hatua ya 2: Mbavu za chelewa

Waya wa hanga ungeshika vizuri zaidi, lakini usiweke chuma karibu na antena. Rimoti nyingi za sasa hutumia gigahezi 2.4, mawimbi ya urefu wa kama sentimita 12.5 tu, na chuma cha kimo hicho huyarudisha au kuyapotosha. Chelewa haziyasumbui.

Loweka chelewa nusu saa zisivunjike. Funga mafungu mawili ya sita sita, ukigeuza ncha nene za tatu zielekee upande mmoja na za tatu upande wa pili ili fungu lipinde sawasawa. Zungushia tepu ya umeme fungu zima, kata kwa sentimita 65, na ufunike ncha kwa tepu mara tatu. Ncha tupu ya chelewa hutoboa plastiki siku ya kwanza.

Fungu moja likae sentimita 20 kutoka mkunjoni, la pili 45. Yabandike kwa ndani ya paa kwa selotepu. Usiyashonee mfuko wa kitambaa hata kama fundi atakushauri hivyo, maana kila tundu la sindano juani ni tundu la maji mvuani. Yakipinda, paa litainuka karibu sentimita 17 katikati, nafasi ya kutosha kwa vidole gumba.

Hatua ya 3: Shona kando mbili

Kila kando ya koti: shona sentimita 25 kutoka mkunjoni, acha wazi 20 za mkono, kisha malizia 10. Mwambie fundi cherehani atumie sindano namba 14 au 16 na hatua ndefu za milimita 4 hadi 5. Hatua fupi huitoboa plastiki kama kingo za stempu, na itachanika hapohapo. Plastiki ikinata kwenye mguu wa cherehani, weka ukanda wa gazeti juu yake, ushone navyo, kisha uchane gazeti.

Bandika selotepu nje ya mshono wote. Silikoni haishiki vizuri kwenye plastiki hii laini, na ile yenye harufu ya siki hula shaba, kwa hiyo isikaribie rimoti kabisa. Kwenye pembe mbili za chini toboa matundu ya milimita 5, maji yakiingia yapate pa kutokea.

Hatua ya 4: Mikono

Hapa ndipo makoti mengi ya kujitengenezea huvujia. Kata kitambaa cha mwavuli vipande viwili vya sentimita 35 kwa 45. Shona kila kimoja kiwe bomba, kiunge kwenye nafasi ya mkono, na utie lastiki ya sentimita 25 hadi 30 kwenye mdomo wa nje.

Bomba hili livae juu ya mkono wa koti lako la mvua, kama bati la juu linavyolalia la chini. Viwiko vikae chini kuliko viganja. Ukiinua kiwiko, maji ya begani yatafuata mkono hadi kwenye vijiti.

Hatua ya 5: Mkanda wa shingoni

Maji hufuata mkanda kama sisimizi wanavyofuata kamba. Pasua paa sentimita 12 kutoka ukingo wa upenu, katikati, pitisha mkanda, kisha funika mpasuo kwa kipande cha plastiki cha sentimita 10 kwa 16: upande mmoja selotepu, wa pili velkro. Sentimita 5 juu ya mpasuo, funga kitambaa kidogo kwenye mkanda, ncha zake zining'inie. Maji yakifika hapo yatadondoka kwenye ncha, nje ya koti.

Hatua ya 6: Jaribu kwa gazeti kwanza

Funga gazeti kavu lenye ukubwa wa rimoti, liweke ndani, uvae koti na usimame chini ya bomba la kuogea dakika kumi, ukijigeuza ili maji yaje na ubavuni. Toa gazeti. Doa lililo katikati linamaanisha mkanda, la kando ni bomba la mkono, la kwenye pembe za mbele ni selotepu ya mshono. Rudia mpaka gazeti litoke kavu.

Sasa ingiza rimoti, matundu ya chaji na ya kadi yakiwa yamezibwa kwa tepu ya umeme. Antena ikunje ilale pembeni chini ya fungu la kwanza la chelewa, isiguse plastiki, na ncha yake isiielekee modeli. Nguvu ya antena iko ubavuni, nchani ni hafifu. Sukuma vijiti hadi kwenye kila pembe uone kama vinakwama. Kisha fanya jaribio la umbali kwa hali ya nguvu ndogo, kama kitabu cha rimoti yako kinavyoelekeza, koti likiwa limelowa. Koti likiwa kavu jaribio halikuambii kitu.

Usisahau ulinzi wa mawimbi yakikatika. Toa propela, washa kila kitu, zima rimoti, utazame: mota lazima isimame. Boti iliyokosa mpangilio huo kwenye mkondo wa Tudor itaenda na maji kupwa, na hutaifuata kwa kuogelea.

Mvua ikiingia

Rudisha modeli, zima modeli, kisha zima rimoti na utoe betri. Usiwashe tena kuona kama inafanya kazi. Ikiwa ni maji ya bahari, fungua kasha na uioshe bodi kwa maji safi ya kuongezea betri za gari (hakikisha si asidi), kisha kwa spiriti ya isopropili. Skrini na spika visiguswe. Iache mbele ya feni saa 48. Usiianike kwenye dashibodi ya gari, plastiki itapinda. Na mchele ubaki kwenye sufuria, unaacha unga ndani na chumvi hauitoi.

Ikikauka, fungua ukurasa wa kuonyesha vijiti kwenye skrini na usiguse chochote. Namba zikichezacheza vijiti vikiwa vimetulia, potenshiomita imeliwa, ibadilishwe kabla modeli haijaingia majini. Betri ya lithiamu iliyovimba usiichaji tena.

Hata siku isiyo na mvua, ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache rimoti ndani ya sanduku lililofungwa dakika 20 ipate joto la nje kabla ya kuitoa. Radi ikisikika, ondoka uwanjani. Koti hili halina dawa ya hilo.