Kutoka ripoti ya skana hadi kipengele cha mkaguzi

Ninapolinganisha ripoti ya skana, yaani programu inayotafuta udhaifu wa kiusalama, na vipengele anavyokagua mkaguzi, mimi huanza na namba ya CWE (orodha ya pamoja ya aina za udhaifu wa programu), sio jina ambalo skana imeupa udhaifu. Majina hutofautiana kati ya skana na skana, lakini CWE-89 ni ileile popote: data ya mtumiaji imepenya hadi ndani ya amri ya SQL, lugha ya hifadhidata.

Andika namba hiyo kwenye lahajedwali, kisha jiulize ni kidhibiti gani, yaani hatua ya ulinzi inayotakiwa na kiwango unachokaguliwa nacho, kingeuzuia udhaifu huo. Kwa PCI DSS 4.0.1, kiwango cha usalama wa data za kadi za malipo, ni 6.2.4; kwa ISO 27001 ya 2022, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, ni 8.28, uandishi salama wa msimbo. Kwa NIST 800-53, orodha ya vidhibiti ya Marekani, ni SI-10, uhakiki wa data inayoingia.

Maktaba ya msimbo (msimbo wa wengine tunaoutumia) iliyopitwa na wakati ni habari nyingine, na siichanganyi na makosa ya waandishi wetu. Hilo ni suala la viraka, yaani masahihisho ya programu: 8.8 ya ISO, SI-2 ya NIST, na 6.3.3 ya PCI, inayotaka viraka vya udhaifu hatari zaidi viwekwe ndani ya mwezi 1 tangu vitolewe. Kwa hiyo ongeza safu ya tarehe kiraka kilipotolewa. Tarehe ya skani pekee haithibitishi kitu.

Na tafadhali, skani safi isikufanye uandike “tumetimiza”. Skana haioni nani aliidhinisha badiliko. Ushahidi huo utafute kwenye rekodi za mapitio ya msimbo.