Baada ya operesheni ya kongosho: vidonge havifuati saa, vinafuata sahani

Baba yangu alifanyiwa operesheni ya kongosho bara, ile kubwa wanayoiita Whipple, akarudi Wete, Pemba, na mshono wake, kopo la vidonge vya enzaimu (vitu vinavyomeng'enya chakula tumboni) na kikaratasi kimeandikwa 1x3, yaani kimoja mara tatu kwa siku. Basi, hakuna maelezo mengine. Na sie tukavipa vile vidonge kama tunavyopa dawa ya kikohozi, saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku, chakula kiwepo kisiwepo, na mara nyingi anateremshia na chai inatoka moshi. Mwezi mzima mzee anakonda, anakwenda msalani mara sita kwa siku, na dawa anakunywa hakosi hata siku moja. Siku tuliyokutana na daktari mwengine akatuuliza swali moja tu, "anavimeza saa ngapi na anakula saa ngapi?", ndio tukajua tulikua tunazitupa pesa baharini.

Kwa hiyo hapa naandika yale niliyotamani mtu angenikalisha kitako akanambia siku ya kwanza. Mie si daktari, dozi yako itatoka kwa daktari wako, lakini namna ya kuishi nayo jikoni hiyo naijua.

Kwanza ujue kilichoondoka. Whipple (jina la daktari wa Marekani, Allen Whipple, aliyeieleza operesheni hii mwaka 1935) wanakata kichwa cha kongosho, kipande cha mwanzo cha utumbo mdogo, mfuko wa nyongo na sehemu ya mrija wake, na mara nyengine kipande cha tumbo pia. Kongosho kazi zake mbili, moja kutia insulini kwenye damu, ya pili kumwaga maji yenye enzaimu kwenye utumbo kila unapokula. Enzaimu moja inavunja wanga, moja protini, na moja inaitwa lipesi inavunja mafuta. Ya mafuta ndio inayokosekana vibaya zaidi maana mate yana enzaimu ya wanga kidogo na tumbo linasaidia kwenye protini, ila mafuta kwa sehemu kubwa yalikua yanalitegemea kongosho hilo hilo. Sasa kongosho limebaki nusu, au limebaki lakini njia zimeungwa upya na chakula na maji yake havikutani kwa wakati, matokeo yake chakula kinapita kama mgeni wa njiani, hakiachi kitu.

Utajuaje kama chakula kinapita? Tazama choo, na jamani tuache haya kwenye hili. Choo kinaelea, kina rangi hafifu ya manjano au udongo, kinang'aa mafuta, kinanata kwenye sinki ukimwaga maji hakiondoki, na harufu yake si ya kawaida. Tumbo linajaa gesi na kunguruma, linakatika dakika chache baada ya kula, na uzito unashuka ingawa mtu anakula. Baba alikua haya kusema, akasema "nipo salama tu mwanangu", mpaka kaka yangu akaingia msalani baada yake ndio tukajua. Kama unamuuguza mzee muulize waziwazi, na aulizwe na mtu ambaye hamuonei haya sana.

Haya, vidonge vyenyewe. Ndani ya kidonge kuna punje ndogo ndogo zenye enzaimu, zimepakwa kitu kinachozikinga na asidi ya tumbo ili zifunguke kwenye utumbo. Ile namba kubwa kwenye kopo, 10,000 au 25,000, ni nguvu ya lipesi, sio miligramu. Watu wazima wengi huanzishwa kama 50,000 kwa mlo mkubwa na 25,000 kwa kitafunio, yaani kama chako ni cha 25,000 basi viwili kwa chakula cha mchana na kimoja kwa chai na andazi. Kama chako ni cha 10,000 utaona mwenyewe hesabu inakua vyengine kabisa, ndio maana "kimoja mara tatu" ya mtu mwengine usiichukue.

Unameza na tonge la kwanza. Sio nusu saa kabla, sio baada ya kunawa mikono. Kama ni viwili, kimoja tonge la kwanza na chengine katikati ya sahani, maana enzaimu inatakiwa ichanganyike na chakula, ikitangulia peke yake inapita zake. Mlo ukiwa mrefu, zile khitma na maarusi ambapo unakaa kwenye sinia na mazungumzo yanaendelea, gawa vizuri zaidi, cha mwisho kiwepo katikati ya pilau. Unateremshia na maji ya baridi au ya kawaida, chai ya moto hapana kwa sababu moto unaziua enzaimu kama unavyoivisha yai. Usitafune, usisage, usiache mdomoni, punje zikikaa mdomoni zinaunguza ulimi na mashavu ukatoka vidonda. Asiyeweza kumeza kidonge anaweza kukifungua akamwaga punje kwenye kijiko cha kitu laini, chachu na cha baridi, rojo la embe au mtindi, ameze hapo hapo bila kutafuna alafu asukutue na maji. Kwenye uji wa moto usithubutu.

Ukisahau, ukikumbuka bado upo kwenye chakula au ndio umemaliza, meza. Ukikumbuka alasiri chakula cha mchana kimeshashuka zamani, kiache, ngoja mlo unaofuata na usizidishe kulipia.

Sasa tuje kwenye nazi, maana ndio mtihani wetu sie. Vitabu vya hospitali vimeandikwa kwa watu wanaokula mkate na siagi, wanakwambia "chakula chenye mafuta" na wewe unafikiria chipsi tu. Yakhe, wali wetu una tui, maharage yana tui, muhogo una tui, samaki wa kupaka ndio usiseme, ndizi mbichi zina tui, mpaka mboga ya majani imetiwa kasimile (tui zito la kwanza) juu yake. Nazi ni mafuta. Sahani ya wali wa nazi na pweza wa nazi si sawa na sahani ya ugali na mchuzi wa chukuchuku (usiotiwa nazi) hata zikilingana ukubwa, na vidonge vilivyotosha kwenye chukuchuku vinaweza visitoshe kwenye wali wa nazi. Hili ndilo lililotubadilishia maisha nyumbani, tuliacha kuuliza "saa ngapi" tukawa tunauliza "leo kuna tui la namna gani?".

Usikimbilie kumkataza nazi lakini! Majirani watakwambia mpe chukuchuku na wali mweupe tu mpaka apone. Zamani hata madaktari walikua wanakataza mafuta, siku hizi wengi wanasema mgonjwa aliyekonda anayahitaji yale mafuta, kitu cha kufanya ni kuongeza enzaimu zilingane na chakula sio kupunguza chakula kilingane na enzaimu. Mwezi wa mwanzo sie tulitumia tui la pili badala ya la kwanza, alafu polepole tukarudi. Vya kukaanga, sambusa, kachori, vitumbua, anakula kimoja kimoja na kidonge chake. Urojo wa njiani na bajia zake na chipsi zake na mishkaki yake huo ni mlo kamili usijidanganye kwamba ni supu.

Visivyohitaji kidonge ni maji, chai ya rangi, kahawa kavu, maji ya dafu, chungwa, tikiti, embe kwa kiasi. Vinavyohitaji na watu wanasahau: chai ya maziwa, kikombe cha mtindi, parachichi, karanga, korosho, nyama ya dafu, halua (ina samli bwana), na ile maziwa ya unga ya lishe wanayopewa wagonjwa.

Kula kidogo kidogo mara tano au sita badala ya sahani tatu za kilima, tumbo baada ya operesheni linajaa haraka na chakula kinachelewa kushuka, akishindwa msimlazimishe. Tafuna vizuri. Majani mengi magumu na makapi usitangulize mwanzoni, yanajaza tumbo na hayana nguvu, tanguliza samaki, mayai, kuku.

Kuna swali ambalo kwetu linakuja kabla ya yote na hospitali hawalisemi mpaka uulize: hizi enzaimu zinatoka kongosho la nguruwe. Ndiyo. Baba alipojua aliweka kopo chini akagoma siku tatu. Hakuna dawa ya mimea wala ya ng'ombe tuliyoelekezwa na daktari yeyote inayofanya kazi hii kwa nguvu inayotakiwa, vile vidonge vya papai na vya "kusaga chakula" vinavyouzwa mitandaoni nguvu yake ya lipesi ni ndogo mno kwa mtu asiye na kongosho. Tukaenda kwa sheikh wetu, akamsomea Suratul Baqara aya ya 173, mwenye kulazimika bila ya kutamani wala kupita kiasi hana dhambi, akamwambia na kujiacha ukaangamia nako kuna hesabu yake. Baba akameza jioni ile ile. Nenda kwa sheikh unayemuamini na uende na maneno ya daktari wako mkononi kwamba hakuna mbadala, usibaki na dukuduku moyoni ukawa unameza leo unaacha kesho.

Kama unameza vizuri na bado choo kinaelea, usijiongezee ovyo na usikate tamaa, andika siku nne kwenye daftari: ulichokula, vidonge vingapi, choo kilikuaje. Daftari hilo mpelekee daktari. Anaweza kupandisha dozi, anaweza kukupa omeprazole kupunguza asidi kwa sababu asidi ikizidi enzaimu zinachoka, na kama bado ataangalia sababu nyengine kama kuharisha kunakoletwa na nyongo au bakteria kuzidi utumboni. Dawa ya kufunga tumbo ya dukani haimeng'enyi chakula, inakufichia tu. Muulize pia kuhusu vitamini A, D, E na K, hizi zinapita na mafuta kwa hiyo mafuta yakipotea nazo zinapotea, mtu akianza kushindwa kuona vizuri usiku au kuvilia damu ovyo usipuuze.

Sukari nayo iangalieni hata kama mtu hakuwa na kisukari kabla, kongosho likikatwa kinaweza kuja mara moja au baada ya miaka. Aliye kwenye insulini awe makini mara mbili: akipiga sindano alafu akala bila enzaimu chakula hakiingii na sukari inashuka, jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Na enzaimu zikianza kufanya kazi vizuri sukari inaweza kupanda kwa sababu sasa chakula kinaingia kweli, hiyo si sababu ya kuacha vidonge, ni ya kurekebisha dawa ya sukari. Kuna na ile ya kunywa juisi ya miwa au soda tumboni hamna kitu, dakika chache moyo unakwenda mbio, jasho, tumbo linakata, vitu vitamu vimeteremka utumboni kwa kishindo. Hali hii na ile ya sukari kushuka zinafanana, kwa hiyo kipimo cha sukari cha kidole kiwepo nyumbani.

Joto. Boksi letu limeandikwa isizidi nyuzi 25 na sie wakati wa Kaskazi nyumba ya bati inazipita hizo kabla ya saa tano. Usiweke jikoni, usiache kwenye gari wala mkoba uliokaa juani gatini. Sie kopo linakaa chumba cha nyuma chini, mbali na dirisha, kifuniko kimekazwa. Unapotoka beba vya siku hiyo tu.

Ramadhani msiamue nyumbani. Mtu anayehitaji kula kidogo kidogo mara sita, pengine na insulini juu, kufunga kunaweza kumuangusha, na mgonjwa ana ruhusa yake. Aliyeruhusiwa na daktari asishambulie futari kwa mkupuo, kidonge na tonge la kwanza hata kama ni uji wa maziwa, alafu apumzike, muhogo wa nazi uje baada ya tarawehe na kidonge chake.

Kinachotaka hospitali siku ile ile ni macho kuwa manjano, homa, kutapika hakukati, maumivu makali, choo cheusi kama lami au damu, au kuchanganyikiwa na sukari imeshuka.

Na hesabu kopo lako. Viwili kwa milo mitatu na kimoja kwa vitafunio vitatu ni vidonge 9 kwa siku, kopo la 100 linatosha siku kumi na moja tu, na duka la dawa la mtaani mara nyingi halina. Sie tunaagiza kwa mtu anayetoka Dar kopo likifika nusu, maana boti inaweza kuahirishwa kwa upepo.