Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuendesha Gari la Gia za Mkono Kutoka Nakuru Hadi Kisumu

Magari mengi madogo yanayonunuliwa Kenya siku hizi ni ya otomatiki, hivyo si ajabu kumkuta dereva wa miaka mingi ambaye hajakanyaga klachi tangu alipofanya mtihani wa leseni. Dereva wa aina hiyo anapoazimwa pikapu ya gia ili apeleke mizigo ya arusi au ya matanga Kisumu, maandalizi yake yanapaswa kuanza siku kadhaa kabla ya safari, na yaanzie kwenye leseni yenyewe. Daraja la B1 ni la gari dogo la otomatiki pekee, na mwenye daraja hilo hana ruhusa ya kuendesha gari la gia hata kama mjomba wake alimfundisha vizuri shambani.

Klachi ndiyo ya kwanza kukaguliwa. Gari likiwa mahali tambarare pasipo mtu mbele yake, dereva avute breki ya mkono hadi mwisho, akanyage pia breki ya mguu, atie gia ya tatu, kisha aachie klachi taratibu. Injini ikizimika, klachi ingali inashika. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, sahani ya klachi imelika na inateleza, na gari hilo halifai kupandishwa mlima wa Salgaa, baada ya Nakuru, likiwa na mzigo. Jaribio hili lifanywe mara moja tu, kwa kuwa kulirudiarudia kunaichosha klachi hiyohiyo inayokaguliwa. Gia zikikwaruza wakati wa kuingia, au pedali ikizama bila ukinzani, huenda mafuta ya klachi yanavuja, na hilo ni la fundi kabla ya safari.

Mafuta ya breki yanahitaji subira zaidi, kwa sababu ubovu wake hauonekani kwa macho. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka, na kadiri yanavyofyonza ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka: yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji yanaweza kuanza kuchemka karibu na nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu, breki inayokanyagwa bila kupumzishwa hupata joto la kutosha kuyachemsha mafuta yaliyochakaa, nayo yakigeuka mvuke pedali huzama hadi sakafuni bila gari kupungua mwendo. Kwa hiyo mwenye gari aulizwe mafuta hayo yalibadilishwa lini, na ikiwa imepita miaka miwili au hakumbuki, yabadilishwe yote. Kujaziliza si kubadilisha, ingawa gereji nyingi huyachukulia mambo hayo mawili kuwa sawa.

Tairi zote pamoja na ya akiba, jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za tahadhari, wipa na taa za ukungu vikaguliwe kama kwa gari lolote. Viatu vya dereva, ambavyo wengi huvisahau, viwe vyepesi na vyenye soli nyembamba, kwani mguu wa kushoto unapaswa kuhisi hasa mahali klachi inapoanza kushika. Malapa hayafai kabisa.

Baada ya gari, mwili wa dereva nao unahitaji mazoezi. Miinuko ya Milimani mjini Nakuru, asubuhi ya Jumapili magari yakiwa machache, inatosha kwa kazi hiyo. Dereva asimame katikati ya mlima, avute breki ya mkono, aachie klachi mpaka asikie injini ikilemewa kidogo, aongeze mafuta, ndipo aachie breki ya mkono, na arudie mpaka gari liondoke bila kurudi nyuma hata kidogo. Ajue pia gia ya kurudi nyuma iko wapi na inaingiaje, kwa kuwa magari mengine hutaka mkono wa gia ubonyezwe chini na mengine pete yake ivutwe juu, na kulitafuta jibu mbele ya lori linalopiga honi si jambo la kutamani.

Njia yenyewe hupanda kutoka Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi zaidi ya mita 2,400 Mau Summit, kisha hupitia Londiani na Kericho na kuteremka hadi Kisumu, penye mita 1,130 hivi. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo, kwa hiyo gia ipunguzwe mapema kabla injini haijaanza kutetemeka. Londiani Junction, ambapo lori lililoshindwa kudhibitiwa liliua zaidi ya watu 50 tarehe 30 Juni 2023, dereva afike akiwa tayari katika gia ya chini.

Katika mteremko wa kutoka Kapsoit kuelekea Awasi, na ule wa Sachangwan wakati wa kurudi, gia ichaguliwe kabla gari halijaanza kushuka, na iwe ileile ambayo ingehitajika kuupanda mlima huo. Anayesubiri mpaka gari lishike kasi huikuta gia ya chini ikikataa kuingia, akabaki katika nyutro, yaani bila gia yoyote, na breki peke yake. Wapo wanaoingia nyutro kwa makusudi ili kuokoa mafuta, na hesabu yao ni mbovu: injini ya kisasa inayoshuka ikiwa katika gia, mguu ukiwa umeondolewa kwenye pedali ya mafuta, hukata mafuta kabisa, ilhali ikiwa katika nyutro hulazimika kuyachoma ili isizimike.

Safari ianze asubuhi, kwa sababu mvua ya Kericho hupenda kunyesha alasiri. Katika msongamano wa Kondele mjini Kisumu, gari likisimama kwa muda, dereva atie nyutro na kuondoa mguu kwenye klachi, kwani mguu unaopumzishwa juu ya pedali hula beringi ya klachi. Anayeendelea upande wa Kakamega atakutana na mlima wa Riat, na huko mazoezi ya Milimani yatahitajika katikati ya matatu na bodaboda. Akiegesha mlimani gari likiwa linatazama juu, aliache katika gia ya kwanza. Likitazama chini, katika gia ya kurudi nyuma, magurudumu yakiwa yamekatwa kuelekea ukingoni, na asubuhi akanyage klachi kabla ya kugusa ufunguo.