Kumtembeza mtoto mdogo msituni majani yanapopukutika: mwongozo kwa familia za Lindi na Mtwara

Mvua zetu za kusini zikishakatika na kusi ikaanza kuvuma, miti ya miombo huanza kupukutisha majani. Kazi hiyo huendelea Julai na Agosti, na kufikia Septemba sehemu nyingi za msitu huwa wazi, jua linafika mpaka chini, na kila hatua unayopiga inalia. Watoto wanaotazama vitabu vya picha vya Ulaya hudhani majani yanayoanguka ni mambo ya huko tu. Kule miti huvua majani Oktoba na Novemba kwa sababu siku zinafupika na baridi inaingia. Ya kwetu huvua kwa sababu ardhi imekauka, na majani ndiyo njia kubwa ya mti kupoteza maji.

Ninafundisha darasa la awali, na kila kiangazi ninatoka na watoto wa miaka mitatu hadi sita pamoja na wazazi wao. Mwongozo huu ni wa familia inayotaka kwenda yenyewe. Neno langu kubwa ni hili: pima safari kwa mtoto, usiipime kwa njia. Mtu mzima huingia msituni akiwa na mahali pa kufika. Mtoto wa miaka minne akikuta jani la ajabu, ameshafika. Ukimvuta mkono uwahi kilele au ziwa, umemnyima kile alichokifuata, na nusu saa baadaye atakuwa analia abebwe.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha msitu

Ukitaka majani mengi ya kukanyaga, nenda Julai au Agosti. Asubuhi huwa na ubaridi, nyasi zimekauka, na mbu ni wachache kuliko wakati wa mvua. Ukitaka rangi, subiri mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Hapo miombo hutoa majani mapya kabla hata tone la mvua halijaanguka, na majani hayo huanza yakiwa mekundu, mengine rangi ya shaba, halafu ndani ya wiki chache yanageuka kijani. Mti mzima unaweza kuwa mwekundu huku jirani yake bado ni matawi matupu. Kwangu mimi hiki ndicho kipindi kizuri kuliko vyote, ila joto limeshapanda, kwa hiyo matembezi yawe mafupi zaidi.

Kwa mahali, walio Lindi wana bahati. Uwanda wa juu wa Rondo una msitu wa asili na pia shamba la mitiki, na hewa yake ni ya baridi kuliko mjini. Mtoto avae sweta asubuhi. Msitu wa Litipo uko karibu na Rutamba na maziwa yake madogo. Walio Masasi wana vilima vya mawe vyenye miti ya miombo pembeni. Mikindani kuna mibuyu, nayo kiangazi hubaki haina jani hata moja huku mabuyu yakining'inia. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza usiende mbali. Msitu wa kijiji alikozaliwa bibi yake, au kijisehemu cha mitiki nyuma ya shule, kinatosha kabisa. Jani la mtiki ni kubwa kuliko uso wa mtoto, na likikauka hupiga kelele nzuri kuliko jani lolote ninalolijua.

Hatua ya 2: Omba ruhusa, tafuta mwenyeji

Misitu ya hifadhi ya serikali iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Pita ofisi yao ya wilaya siku kadhaa kabla, uliza utaratibu na kiingilio. Kama msitu ni wa kijiji, anza kwa mtendaji wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavitambua vijiji kuwa na misitu yao ya hifadhi, kwa hiyo kubisha hodi si adabu tu.

Omba wakupe mwenyeji wa kutembea nanyi. Yeye ndiye anajua kama juzi tembo walipita, wapi nyuki wamejenga, upande gani watu wanachoma mashamba. Akisema leo msiende, msiende. Mfundishe mtoto kumwamkia, "Shikamoo babu," kabla ya kuanza, maana kuanzia hapo mtoto atamsikiliza yeye kuliko wewe.

Hatua ya 3: Mavazi na mzigo

Suruali ndefu, soksi, viatu vya kufunika. Ndala ziache nyumbani. Rangi iwe ya kahawia, kaki au kijani iliyofifia. Mbung'o hufuata bluu iliyokolea na nyeusi, na wengi hawajui kwamba kaptula ya shule ya bluu ndiyo inayowaita.

Maji: lita moja kwa mtu mzima na nusu lita au zaidi kwa mtoto, hata kama mnakaa saa mbili tu. Chakula kiwe cha kushika kwa mkono: machungwa, karanga, mihogo ya kuchemsha. Mkiona nyani karibu, msifungue chakula.

Beba kanga mbili. Moja ni ya kukalia. Ya pili ni mbeleko, kwa sababu mtoto aliyetembea vizuri wakati wa kwenda mara nyingi hukataa wakati wa kurudi, na hapo hakuna maneno yatakayomsogeza. Ongeza kipande cha sabuni, karatasi ya gundi (selotepu), mfuko wa kitambaa wa kuokotea vitu, na simu yenye chaji.

Hatua ya 4: Ondoka mapema, tembea kidogo

Ingieni msituni saa moja asubuhi, mtoke kabla ya saa nne. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, kilomita moja kwenda na kurudi ni nyingi. Mwenyeji atangulie, mtoto afuate, mzazi awe nyuma yake. Mpangilio huu una faida mbili: mwenyeji anaona njia kabla ya mtoto, na mtoto ndiye anayeamua mwendo wa anayemfuata.

Mkipita kwenye mikorosho kuelekea msituni, angalieni kwanza. Juni mpaka Agosti ni wakati wa kupuliza salfa, na wakulima hupuliza alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mkisikia blowa inanguruma au mkiona vumbi la manjano limetanda, subirini au zungukeni mbali. Mapafu ya mtoto hayafai kupita humo.

Hatua ya 5: Kaeni chini ya mti mmoja

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo wazazi wanayoiruka. Baada ya dakika kumi na tano au ishirini za kutembea, mwombe mwenyeji awachagulie mti mkubwa penye uwazi. Apige ardhi kwa fimbo, aangalie mashimo na siafu, kisha mtandike kanga. Kaeni nusu saa bila kwenda popote.

Kwanza, sikilizeni. Mwanzoni mtoto atasema hakuna kitu. Muulize tena. Kwenye miombo, kati ya Agosti na Oktoba, mtasikia mpasuko mkavu juu, kisha kitu kinadondoka kwenye majani. Ni ganda la mbegu. Maganda ya miombo hukauka yakajikaza mpaka yanafunguka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali na mama yao. Mtoto mmoja alimgeukia bibi yake akamuuliza, "Bibi, nani anavunja vijiti huko juu?" Bibi hakujibu, aliokota nusu mbili za ganda lililojisokota akampa azishike. Mtoto alizirudisha pamoja, zikagoma kukaa, akacheka. Somo lilikuwa limekwisha, na limeingia.

Pili, fungueni majani. Tumieni kijiti, kamwe si vidole, kwa sababu nge hupenda kulala chini yake. Jani lililoanguka jana ni zima. Lililo chini yake lina matobo. La chini zaidi limebandikwa tabaka jembamba la udongo mwekundu: mchwa wamelifunika, wanalila kivulini. Inua udongo huo polepole kwa ncha ya kijiti, utawaona wakikimbia. Hapo mweleze mtoto kwa sentensi moja kwamba majani yanarudi kuwa udongo, na mti utayala tena mvua ikija. Usiongeze ya pili. Akitaka zaidi atauliza.

Tatu, subirini mwendo wa chakarachakara. Katika misitu minene ya pwani yetu, Rondo ikiwemo, anaishi sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayetafuta wadudu mchana kwa kuchokoa majani makavu, na ambaye hutengeneza kiota chake chini kwa majani hayohayo. Mkiwa kimya, mnaweza kumsikia kabla ya kumwona. Rondo pia ndiko lilikotoka jina la komba mmoja mdogo sana, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku wa kisasa. Yeye hutembea usiku, kwa hiyo msimtegemee asubuhi, lakini watoto hufurahi kujua kwamba yuko juu amelala. Wote wawili wanapoteza makazi msitu unapochomwa au kukatwa. Ndiyo maana siwaruhusu wazazi kuwasha moto wala sigara msituni kiangazi, hata moto mdogo wa kuchoma mihogo.

Hatua ya 6: Kuokota, kwa masharti

Mpe mtoto mfuko na kanuni moja: tunaokota kilichoanguka, hatuchumi wala hatuvunji. Vitu vizuri vya kutafuta ni tunda la mninga, ambalo ni duara bapa la upana wa sentimeta 10 hivi, lenye ukingo mwembamba wa karatasi na katikati iliyojaa miiba. Mtoto alishike ukingoni. Lirusheni juu mahali pa wazi muone linavyopeperuka. Miiba yake iheshimiwe. Kwenye mitiki, mwombe mwenyeji jani changa la chipukizi kutoka kwenye kisiki, lisugueni kiganjani, rangi nyekundu itatoka. Hapa ninavunja kanuni yangu, lakini jani moja la kisiki linatosha darasa zima.

Hazina kuu ni mbegu za mkongo: nyeusi, ngumu, zenye kikombe chekundu upande mmoja. Hutoka kwenye ganda nene linalopasuka lenyewe. Ni za kuchezea, si za kula, na mtoto anayeweka vitu mdomoni asiachiwe.

Usizichanganye na mbegu za mtipitipi. Hizo ni ndogo sana, nyekundu zenye doa jeusi, na zina sumu kali. Moja iliyotafunwa inaweza kumuua mtoto. Mwonyeshe, mwambie "hizi hatushiki", kisha hesabu wewe mwenyewe kilichomo kwenye mfuko kabla ya kuondoka. Na mkipita mikorosho wakati wa mavuno, bibo ataruhusiwa, lakini korosho mbichi asiing'ate. Mafuta ya ganda lake huunguza midomo.

Hatua ya 7: Upupu na wenzake

Kiangazi ndicho kipindi cha upupu. Maganda yake yamekauka yakafunikwa na vinywele vya kahawia, na upepo tu unatosha kuvirusha. Mwenyeji akisema kuna upupu mbele, geukeni. Upupu ukishamshika mtoto, mzuie asijikune, maana anavisambaza. Bandika selotepu juu ya ngozi na uibandue, rudia mara kadhaa kwa kipande kipya, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Nguo alizovaa zivuliwe.

Nyoka: tembeeni mkiongea, msiingize mkono kwenye shimo wala chini ya gogo. Mtu akiumwa, msifunge kamba, msichanje, msinyonye. Mtulizeni, kiungo kisitikisike, abebwe haraka hospitalini. Mkiona moshi unakuja upande wenu, rudini mara moja kwa njia mliyojia, mtoto akiwa mgongoni.

Hatua ya 8: Mkirudi nyumbani

Mvue nguo zote nje, zikung'ute. Mkague kupe nyuma ya masikio, kwapani, kinenani na kwenye nywele. Mwogeshe, mpe chakula, alale.

Jioni amwage mfuko wake chini na kusimulia mwenyewe. Msimsahihishe sana.

Mbegu za mkongo chagueni mbili tatu za kupanda. Toeni kile kikombe chekundu, kwangueni ganda jeusi kidogo upande mmoja kwa kisu, ziloweke usiku kucha. Pandeni kwenye kiriba kirefu (mfuko wa kuoteshea miche), kwa kuwa mzizi wake mkuu huenda chini haraka, na mfukie kwa kina cha sentimeta mbili hivi. Kiriba kikae kivulini, mtoto amwagilie kila asubuhi kwa kopo lake. Huchipua ndani ya wiki chache. Mkianza Oktoba, mche utakuwa tayari kuhamia ardhini mvua zikiwa bado zinanyesha. Uzungushieni miiba, mbuzi wa jirani wasiufikie.