Jinsi ya kumsafirisha mzee kwa ndege bila kumvunjia heshima

Mama yangu ana miaka 78. Anaishi Mpwapwa, na kila baada ya miezi minne namleta kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma mjini, anapumzika siku mbili, kisha tunapanda ndege Dodoma kwenda Dar kwa daktari aliyemfanyia upasuaji wa goti. Tumeshafanya hivyo mara tisa. Safari ya pili ndiyo iliyonifundisha haya.

Siku hiyo nilimwacha kaunta na begi lake, nikatoka kumlipa dereva wa bajaji aliyekuwa anatafuta chenji. Niliporudi nilimkuta Mama amepiga magoti sakafuni, kwa goti lilelile lililoshonwa. Begi liko wazi, kanga na nguo zake za ndani ziko nje mbele ya foleni nzima. Begi lilikuwa limezidi uzito ulioruhusiwa kwa kilo tatu. Kijana wa kaunta alikuwa amemwambia, "Bibi, punguza mizigo, watu wanasubiri." Hakumwamkia wala hakunyanyuka kumsaidia. Mama hakusema neno mpaka tulipotua Dar, ndipo akaniambia, "Mwanangu, siku nyingine nipandishe basi."

Sitaki mzee wa mtu mwingine apitie hayo.

Anza kwa kujua kwamba starehe ya ndege siku hizi haimo ndani ya nauli. Marekani ilipoyaachia mashirika ya ndege yajipangie nauli na njia mwaka 1978, ushindani ulishusha bei, na mashirika ya nchi nyingine yakafuata njia hiyo. Wengi tuliokuwa tunaona ndege kwa mbali tukaweza kupanda, na hilo ni jema. Lakini fedha iliyopungua kwenye nauli ilitafutwa kwingine. Nafasi kati ya kiti na kiti, iliyokuwa inchi 35 hivi, ikabanwa hadi 31, kwingine chini ya hapo. Chakula, begi na kuchagua kiti vikaanza kuuzwa kimoja kimoja. Wafanyakazi wakapunguzwa, na yule aliyebaki kaunta anakimbizana na saa. Namwelewa. Ila kumwamkia mtu mzima hakumchukulii hata dakika. Kwa sababu hiyo mimi sisubiri tena kupewa. Naomba kila kitu mapema, kwa jina lake, na kwa maandishi.

Unapokata tiketi, jambo la kwanza ni namba ya simu. Wakala wengi huweka namba zao wenyewe kwenye buking. Saa ya ndege ikibadilika, ujumbe unaenda kwa wakala aliyelala, na wewe unamfikisha mzee uwanjani saa kumi na moja alfajiri kungoja ndege ya saa tano. Mwambie aweke namba yako, halafu akuonyeshe kwenye karatasi.

La pili ni kiti mwendo. Usiseme tu "mama hawezi kutembea sana." Mashirika yana alama tatu, na kila moja ina huduma yake. WCHR ni ya mtu anayeweza kupanda ngazi, ila mwendo mrefu unamchosha. WCHS ni ya asiyeweza ngazi, lakini akishafika mlangoni mwa ndege anatembea mwenyewe hadi kwenye kiti. WCHC ni ya asiyetembea kabisa, anayepaswa kufikishwa mpaka kitini. Uwanja wetu wa Dodoma mjini hauna daraja la kuingilia ndegeni: unatoka jengoni, unatembea nje, unapanda ngazi. Mzee mwenye magoti mabovu akiandikiwa WCHR atafikishwa chini ya ngazi na kuachwa hapo. Mama tunamwandikia WCHS. Peleka ombi angalau saa 48 kabla ya safari, na ulitume kwa barua pepe au ujumbe hata kama mmeshaongea kwa simu. Mimi huandika hivi:

"Naomba huduma ya WCHS kwa abiria mwenye umri wa miaka 78, aliyefanyiwa upasuaji wa goti. Hawezi kupanda ngazi. Naomba kujua atapandishwaje ndegeni Dodoma, na atateremshwaje Dar. Nitasafiri naye, naomba viti vyetu viwe pamoja. Tafadhali nijibu kwa maandishi."

Swali la "atapandishwaje" usilifute. Pengine jibu ni kwamba vijana wawili watambeba kwenye kiti. Hakuna ubaya, lakini mwambie mzee nyumbani, akubali au akatae akiwa ameketi kwake, si pale chini ya ndege watu wakimtazama. Mama alikubali, akataka avae suruali ndani ya gauni na kujifunga kanga juu. Tangu hapo anabebwa kwa amani.

Uliza pia ni ndege gani. Za pangaboi tunazozipanda huku hazifanani milango. Kwenye ATR abiria huingilia nyuma, kwa hiyo viti vya nyuma ndivyo vilivyo karibu na mlango. Dash 8-Q400 ina mlango wa mbele na wa nyuma, basi uliza mtaingilia upi. Viti vilivyo usawa wa mapangaboi vina kelele na mtikisiko, mzee asikae hapo. Watu hupenda kumpa mzee dirisha kwa heshima. Mpe kiti cha njiani, aweze kunyoosha mguu na kwenda chooni bila kuwaruka watu. Katika ndege nyingi, sehemu ya kuegemeza mkono upande wa njiani hunyanyuka. Pitisha vidole kwa chini, karibu na inapojikunjia, utagusa kitufe kidogo. Kibonyeze, inapanda, na mzee anakaa kwa kuteleza badala ya kujipinda. Hili nililijua kwenye safari ya sita, na nilisikitika kwa zile tano zilizopita.

Begi lipime nyumbani. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu unajua nilichokiona. Mwenye duka la nafaka jirani yangu ana mizani ya kuning'iniza, naenda nalo kwake jioni ya kuamkia safari. Soma kwenye tiketi umeruhusiwa kilo ngapi, kisha ubakize kilo mbili chini yake, maana mizani ya uwanjani na ya duka si lazima zikubaliane. Wazee wa kwetu hawaendi mikono mitupu: karanga za Mpwapwa, unga wa uwele, zabibu, galoni ya mafuta ya alizeti. Usimkatalie, huo ndio utu wake mbele ya wajukuu. Vitu vizito vigawe kwenye begi lako wewe, na nguo zake ziwe kwenye begi dogo lisiloguswa na mtu. Hata ikibidi kufungua kitu kaunta, lifunguliwe lako.

Kama mnaunganisha kwenda nje ya nchi, kumbuka asali nayo inahesabiwa kimiminika. Tangu 2006 viwanja vingi haviruhusu begi la mkononi kuwa na chupa ya zaidi ya mililita 100. Asali ya Manyoni ikae kwenye mzigo mkubwa, ndani ya mifuko miwili. Dawa ni kinyume chake: zote mkononi, pamoja na cheti cha daktari. Insulini isiende kabisa chini na mizigo, huko yaweza kuganda.

Siku yenyewe fika mapema, na usimwache mzee peke yake kaunta hata kwa chenji ya bajaji. Mtambulishe kabla hujatoa vitambulisho: "Habari za kazi, dada. Huyu ni mama yangu, magoti yanamsumbua, tuliomba kiti mwendo." Mara nyingi nimeona uso wa mhudumu ukibadilika hapo hapo, na shikamoo ikatoka. Mama anaitikia marahaba, anauliza kwenu ni wapi, na akikutana na Mgogo mwenzake wanaanza mbukwenyi, salamu ya Kigogo, basi tunasindikizwa kama wageni wa harusi.

Angani ni saa moja hivi tu. Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, Dar iko ufukweni, na masikio huziba wakati wa kushuka. Mpe mzee ubuyu wa kumung'unya ndege inapoanza kuinama. Kumeza mate ndiko kunakoyafungua.

Ndege ikichelewa, omba maelezo kwa maandishi na utunze pasi ya kupandia. Begi likipotea au kupasuka, usitoke uwanjani kabla ya kujaziwa fomu ya PIR, yaani taarifa rasmi ya mzigo uliopotea au kuharibika. Kwa safari za kimataifa, Tanzania imo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999: begi lililoharibika lilalamikie ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Hata kipande cha Dodoma hadi Dar kinaingia humo kama kiko kwenye safari moja ya kwenda nje. Shirika lisipokujibu, andika Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Mimi ile safari ya pili sikuandika popote, nilinyamaza kwa uchungu, na hilo najilaumu nalo hadi leo.

Kuna wakati mzee anaumwa sana, ngazi za ndege hazimfai hata kwa kubebwa. Tangu treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, ianze Dar hadi Dodoma mwaka 2024, nimempandisha Mama humo mara mbili. Ni chini ya saa nne, anasimama, ananyoosha mguu, anaangalia mashamba. Pima hali yake ya wiki hiyo, usikate tiketi kwa mazoea.

Mkitua, msisimame na wengine. Kaeni hadi ndege iishe watu, ndipo waje na kiti. Na kabla hamjaondoka uwanjani ulizia tiketi ya kurudi, kwa sababu mara nyingine ombi la kwenda halisomeki kwenye tiketi ya kurudi. Mwambie dada wa kaunta afungue buking mbele yako, akuonyeshe WCHS kwa siku zote mbili.